Anayekopa si anayekopesha: Matumizi sahihi ya 'borrow' na 'lend'

SENTENSI 'Borrow me your pen' husikika karibu kila siku katika madarasa, afisi na vyuo vya humu nchini, na ni nadra mtu kushtuka anapoisikia. Kalamu hutolewa, kazi hufanyika, kisha kalamu humrudia mwenyewe au hupotea kama ilivyo ada ya kalamu za kuazima.

Hata hivyo, kwa mujibu wa sarufi ya Kiingereza sanifu, sentensi hiyo ina kasoro. Anayeomba kalamu anafaa kusema 'Lend me your pen' au, kwa adabu zaidi, 'May I borrow your pen?'

Kosa hili huonekana dogo maadamu kinachoombwa ni kalamu. Mambo hubadilika pale ambapo kinachozungumziwa ni fedha, na maneno yenyewe yameandikwa kwenye karatasi na kutiwa sahihi. Hapo, kitenzi kimoja kikitumiwa mahali pa kingine, mdai anaweza kuonekana kuwa ndiye mdaiwa.

Mwelekeo wa kitu

Tofauti ya kimsingi kati ya vitenzi hivi viwili ni mwelekeo wa kitu kinachozungumziwa. 'Borrow' ni tendo la anayepokea. Hutwaa kitu cha mwenzake kwa ahadi ya kukirudisha. 'Lend' ni tendo la anayetoa. Humpa mwenzake kitu akitarajia kurudishiwa.

Kwa hivyo, tukio moja laweza kusimuliwa kwa njia mbili. Iwapo mwavuli umetoka mikononi mwa Juma na kuingia mikononi mwa Asha, anayeanza na Juma atasema 'Juma lent Asha an umbrella'. Anayeanza na Asha atasema 'Asha borrowed an umbrella from Juma'. Mwavuli ni ule ule na siku ni ile ile. Kilichobadilika ni mtu aliyetangulizwa katika sentensi, na kitenzi kikalazimika kubadilika pamoja naye.

Uhusiano huu ni sawa na ule uliopo kati ya kununua na kuuza. Kwa Mwingereza, 'borrow' na 'lend' viko mbalimbali kama 'buy' na 'sell'. Anayesema 'Borrow me your pen' humpigia masikioni kama mteja anayemtaka mwenye duka anunue mkate, ilhali mteja mwenyewe ndiye anayetaka kuuziwa.

Chanzo ni 'niazime'

Baadhi ya walimu hulichukulia kosa hili kuwa zao la uvivu wa wanafunzi. Likichunguzwa kwa makini, hubainika kwamba lina mantiki, na mantiki hiyo inatoka katika Kiswahili.

Kitenzi 'azima' hutumika kwa pande zote mbili. Maktaba huazima vitabu, na msomaji naye huazima vitabu. Anayetoa anaazima, anayepokea pia anaazima. Kinachomwezesha msikilizaji kujua nani ametoa na nani amepokea ni viambishi vilivyomo ndani ya kitenzi, pamoja na muktadha wa mazungumzo.

Mathalani, mtu akisema 'Asha ameazima kitabu', msikilizaji ataelewa kwamba Asha amekitwaa kitabu cha mtu. Akisema 'Asha amemwazima Juma kitabu', itaeleweka kwamba Asha ndiye aliyekitoa. Kiambishi cha mtendewa, yaani kile kinachomwakilisha Juma, kimegeuza mwelekeo wa tendo zima bila kuligusa shina la kitenzi. Halikadhalika, katika 'Juma ameazimwa kitabu', kauli ya kutendwa inatosha kuonyesha kwamba Juma ndiye mpokeaji.

Utaratibu ni uo huo katika 'niazime', ambapo 'ni-' inamwakilisha anayetaka kupokea. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kitenzi kingine cha kuombea kalamu. Kiambishi kimoja kimemaliza kazi.

Sasa mwanafunzi aliyefundishwa kwamba 'azima' kwa Kiingereza ni 'borrow' huichukua 'niazime kalamu yako' na kuitafsiri kipande kwa kipande. 'Niazime' huwa 'borrow me', na 'kalamu yako' huwa 'your pen'. Kila kipande kinaonekana sahihi kikiwa peke yake. Kasoro imo katika jumla yake, kwani Kiingereza hakina kiambishi chenye uwezo wa kugeuza mwelekeo wa kitenzi. Neno 'me' laweza kuwekwa baada ya 'borrow', lakini halitakifanya kitenzi hicho kuwa cha kutoa.

Hii ndiyo tofauti ya kimaumbile kati ya lugha hizi mbili. Aghalabu Kiswahili hushika shina moja na kulinyambua: kopa na kopesha, panga na pangisha, dai na daiwa. Kiingereza, mara nyingi, huacha neno la kwanza na kwenda kutafuta jingine. Anayejifunza ni 'learn' na anayefundisha ni 'teach'. Anayepokea ni 'borrow' na anayetoa ni 'lend'. Mwanafunzi anayeutambua utaratibu huu hatahitaji kukariri orodha ndefu ya makosa.

'Kopa' na 'azima' zinapokinzana

Mkanganyiko huzidi kitenzi 'kopa' kinapoingia. Katika Kiswahili, kinachoazimwa kwa kawaida ni kitu ambacho chenyewe ndicho kitakachorudishwa, kama vile jembe, sufuria au mwavuli. Kinachokopwa ni kile kinachotumika kikaisha na kulipwa kwa kingine chenye thamani sawa, kama vile fedha, unga au bidhaa za dukani. Kiingereza hakijali tofauti hiyo. Jembe ni 'borrow', na fedha pia ni 'borrow'.

Ingawa mipaka ya maneno haya hutambulikana, wapo wengi wanaosema 'azima' hata wanapozungumzia fedha. Hapo ndipo tatizo linapojitokeza waziwazi.

Tazama sentensi hizi mbili. 'Juma amenikopa Sh5,000' ina maana kwamba Juma ndiye aliyezichukua fedha hizo. 'Juma ameniazima Sh5,000' ina maana kwamba Juma ndiye aliyezitoa. Sentensi zote mbili zina mtenda mmoja, kiambishi kimoja cha mtendewa na kiasi kimoja cha fedha, ila maana zao zinapingana kama usiku na mchana.

Chukua sasa mtu anayesema kwa Kiingereza 'Juma borrowed me Sh5,000'. Anayeisikia kwa mantiki ya 'azima' ataamini kwamba Juma anadai. Anayeisikia kwa mantiki ya 'kopa' ataamini kwamba Juma anadaiwa. Kwa hivyo watu wawili waaminifu wanaweza kusikia sentensi moja katika mkutano wa chama, wakaenda nyumbani kila mmoja na imani yake kuhusu nani anafaa kulipa.

Tiba nyepesi kwa mzungumzaji wa Kiswahili ni kuliweka kando neno 'azima' kila anapotaka kutafsiri, na badala yake kupitia jozi ya 'kopa' na 'kopesha'. Jozi hii ina mwelekeo ulio wazi. 'Kopa' ni 'borrow' na 'kopesha' ni 'lend'. Kwa kuwa hakuna Mswahili anayeomba fedha kwa kusema 'nikope', bali husema 'nikopeshe', ulimi wake utaifikia 'lend me' bila kupotea njiani.

Si Wakenya pekee

Ingekuwa makosa kudhani kwamba hili ni tatizo la Afrika Mashariki tu. Kitenzi cha Kijerumani 'leihen' hutumika kwa kutoa na kwa kupokea, sawa na 'azima'. Kitenzi 'låne' cha Kinorwe kina tabia iyo hiyo, na hata 'jie' cha Kichina hutumika pande zote mbili.

Ndiyo maana katika jimbo la Minnesota na maeneo jirani nchini Marekani, ambako wahamiaji wengi kutoka Ujerumani na nchi za Skandinavia walifanya makao katika karne ya 19, 'borrow me' imekuwa ikisikika hata kutoka kwa watu ambao Kiingereza ndiyo lugha yao ya kwanza. Wahenga wao waliacha lugha zao, lakini umbo la sentensi likabaki.

Historia ya maneno yenyewe inasaidia kueleza mipaka yake. 'Borrow' limetokana na neno la Kiingereza cha kale 'borg', lililomaanisha dhamana au rehani. Aliyetaka kitu cha mwenzake aliweka dhamana kwanza, na kwa hivyo tangu mwanzo neno hilo lilikuwa la upande wa anayepokea. 'Lend' nalo limetokana na kitenzi cha kale 'lænan', chenye maana ya kutoa kwa muda. Herufi 'd' iliyo mwishoni haikuwapo. Iliongezwa baadaye katika karne za kati kutokana na umbo la wakati uliopita.

Kiingereza chenyewe, aidha, kina 'azima' yake. Kitenzi 'rent' hutumiwa na mwenye nyumba na mpangaji pia. Mtu akisema 'I rented the house', haijulikani iwapo amepanga au amepangisha hadi aongeze 'from' au 'to'. Vivyo hivyo kwa 'lease'. Anayewacheka wanaosema 'borrow me' angetafakari namna Waingereza wanavyoyamudu maneno yao wenyewe yenye nyuso mbili.

Umbo la sentensi

Mbali na maana, vitenzi hivi hutofautiana katika muundo wa sentensi. Wanafunzi wa Kiswahili wa shule za upili, ambao wamezoea kuchanganua shamirisho, watalielewa jambo hili kwa urahisi.

'Lend' hukubali shamirisho kitondo na shamirisho kipozi kwa pamoja. Katika 'Juma lent Asha an umbrella', Asha ni kitondo na mwavuli ni kipozi. Waweza pia kuanza na kipozi, kisha kumtaja mpokeaji kwa kutumia 'to': 'Juma lent an umbrella to Asha.'

'Borrow' hakikubali kitondo. Hukubali kipozi pekee, yaani kitu kilichotwaliwa. Mwenye kitu hutajwa baadaye kwa kihusishi 'from', au huachwa bila kutajwa. Husemwa 'Asha borrowed an umbrella from Juma' au 'Asha borrowed an umbrella'. Haisemwi 'Asha borrowed Juma an umbrella', wala 'Asha borrowed an umbrella to Juma'.

Ukumbusho mzuri upo katika hesabu za shule ya msingi. Mwanafunzi anapotoa 17 kutoka kwa 42, hugundua kwamba 2 haitoshi kutolewa 7. Mwalimu humwelekeza akope kumi moja kutoka kwa safu ya makumi, na kwa Kiingereza husema 'borrow from the tens'. Aliyepita darasa hilo tayari anaijua kanuni: 'borrow' huandamana na 'from', na kinachokopwa huja upande wa anayekihitaji.

Lipo pia kosa la upande wa pili, ambalo halizungumziwi sana. Wapo wanaosema 'I lent this book from the library', wakidhani kwamba wameliepuka kosa la kwanza. Sentensi hiyo nayo imepotoka. Maktaba ndiyo iliyotoa, kwa hivyo 'lend' ni tendo la maktaba. Msomaji anapaswa kusema 'I borrowed this book from the library'.

Kuhusu nyakati, 'borrow' haina matata: 'borrow', 'borrowed', 'borrowed'. 'Lend' hubadilika kuwa 'lent' katika wakati uliopita na katika hali timilifu. Umbo 'lended' si sanifu.

Matamshi nayo huleta utata wake. Kwa wazungumzaji ambao lugha zao za kwanza hazitofautishi sauti za 'l' na 'r', 'lend' na 'rent' hukaribiana mno masikioni. Anayesema kwamba amempa mtu gari kwa muda anaweza kueleweka kuwa amelikodisha kwa malipo. Katika mazungumzo ya simu, ambako hakuna ishara za uso wala mikono, ni heri kuongeza neno la kufafanua.

Isitoshe, si kila kitu kinachoombwa kwa muda ni cha 'borrow'. Kitenzi hicho hufaa kwa kitu kinachoweza kubebwa na kuondoka nacho. Mgeni anayetaka kwenda msalani haombi 'to borrow the toilet', kwa sababu hatakiondoa chumba hicho mahali pake. Husema 'May I use the toilet?'

Nafasi ya 'loan'

Swali ambalo huulizwa mara kwa mara ni iwapo 'loan' ni nomino pekee au yaweza kuwa kitenzi. Kama nomino, ina maana ya mkopo, na haina utata wowote. Kama kitenzi, ina maana sawa na 'lend', yaani kutoa. Wamarekani huitumia kwa wingi, hasa kuhusu fedha. Baadhi ya Waingereza huikubali kwa shingo upande, na wengi wao hupendelea 'lend' katika maandishi rasmi.

Kwa mtahiniwa wa Kenya, ambaye hufundishwa Kiingereza chenye mizizi Uingereza, 'lend' ndiyo salama zaidi. La kukumbuka ni kwamba 'loan' kamwe haichukui nafasi ya 'borrow'.

Wapenzi wa soka wanayo mifano mingi. Mwaka wa 2011, kiungo Mkenya McDonald Mariga aliondoka Inter Milan ya Italia kwenda kuchezea Real Sociedad ya Uhispania kwa mkopo. Inter ndiyo iliyomtoa, hivyo kitenzi chake ni 'lend' au 'loan'. Sociedad ndiyo iliyompokea, na kitenzi chake ni 'borrow'. Mchezaji mwenyewe alikuwa 'on loan', kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkopo.

Katika nahau

Nahau za Kiingereza hufuata mwelekeo uo huo. Anayemsaidia mwenzake kazi 'lends a hand', kwani anautoa mkono wake utumike. Anayemsikiliza mtu kwa makini 'lends an ear'. Katika tamthilia ya Shakespeare, 'Julius Caesar', Antony anapoanza kuwahutubia Warumi mbele ya maiti ya Kaizari, huwaomba masikio yao kwa kitenzi 'lend', wala si 'borrow', kwa sababu wao ndio wanaotoa.

Ipo pia nahau inayopendwa mno katika hotuba za humu nchini, nayo ni 'borrow a leaf', yenye maana ya kuiga mfano mwema. Kwa upande wa mwelekeo haina hitilafu, kwa kuwa anayeiga ndiye anayepokea. Hata hivyo, nahau iliyozoeleka Uingereza hutumia 'take', yaani kuchukua ukurasa kutoka katika kitabu cha mwingine. Anayeandika kwa ajili ya mtihani au kwa wasomaji wa kigeni ni vyema alijue hilo.

Kitenzi kinapobeba deni

Umuhimu wa vitenzi hivi huonekana zaidi katika masuala ya fedha. Mabenki huzungumzia 'lending rates', yaani viwango vya riba wanavyotoza wanapokopesha. Mwaka wa 2016, Kenya ilipitisha sheria iliyozuia benki kutoza riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4, na kikomo hicho kikaondolewa mwaka wa 2019. Mjadala wote huo ulihusu kiwango kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili. Kwa benki ni mapato ya kukopesha, na kwa mwananchi ni gharama ya kukopa.

Katika mikataba ya mikopo iliyoandikwa kwa Kiingereza, wahusika hutambulishwa katika ukurasa wa kwanza kama 'the Lender' na 'the Borrower'. Kuanzia hapo majina yao huenda yasitajwe tena. Kila wajibu, kuanzia tarehe ya malipo hadi adhabu ya kuchelewa, hufungamanishwa na mojawapo ya maneno hayo mawili. Anayetia sahihi bila kujua yeye ni nani kati ya wawili hao ametia sahihi asichokielewa.

Tahadhari hii si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Mwaka wa 1969, Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya 'The Merchant of Venice' kwa jina 'Mabepari wa Venisi'. Katika hadithi hiyo, Bassanio ndiye mwenye haja ya fedha, Shylock ndiye anayekopesha, lakini Antonio ndiye anayetia sahihi. Deni linapokosa kulipwa kwa wakati, anayefikishwa mbele ya hakimu si Bassanio aliyezitumia fedha, bali ni Antonio ambaye jina lake limo kwenye hati.

Sheria ya Mikataba ya Kenya, kwa upande wake, haimruhusu mtu kumshtaki mwingine kwa ahadi ya kulipa deni la mtu wa tatu, ila kama ahadi hiyo iliandikwa na kutiwa sahihi na aliyeahidi. Hivyo basi, pale ambapo rafiki au jamaa amemdhamini mtu, maneno yaliyo kwenye karatasi ndiyo yanayotazamwa.

Wakenya wengi, hata hivyo, hukopeshana kwa vikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono bila wakili. Kikaratasi kinachosema 'I have borrowed Juma Sh20,000' ni mtego. Aliyekiandika huenda alikusudia kwamba amempa Juma fedha, kwa mantiki ya 'azima'. Anayekisoma kwa Kiingereza sanifu atashuku kwamba kihusishi 'from' kimesahauliwa, na kwamba mwandishi ndiye aliyezichukua. Juma, akiwa mjanja, atakishikilia kikaratasi hicho kama ushahidi kwamba yeye ndiye anayedai.

Tangu mwaka wa 2021, Mahakama ya Madai Madogo imekuwa ikisikiliza kesi za madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya aina hii. Mbele ya hakimu, kila upande utapata nafasi ya kujieleza na kuleta mashahidi au rekodi za simu kuthibitisha fedha zilikotoka na zilikokwenda. Lakini aliyeandika vizuri tangu mwanzo hahitaji kutumia siku zake akifafanua alichokusudia.

Njia ya kujihadhari ni rahisi. Anayetoa fedha anapaswa kuandika 'I have lent', kisha jina la mpokeaji na kiasi cha fedha. Anayepokea anapaswa kuandika 'I have borrowed', kiasi cha fedha, kisha 'from' na jina la mtoaji. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kulipa itajwe, na wote wawili watie sahihi.

Kwa asiyeviamini vitenzi hivi kabisa, Kiingereza kina kitenzi cha tatu kisicho na mzaha. 'I owe Juma Sh20,000' haiwezi kusomwa kwa namna mbili. Anayetajwa kwanza ndiye mdaiwa, na Juma ndiye mdai. Ndiyo sababu hati fupi ya deni kwa Kiingereza huitwa 'IOU', herufi tatu ambazo zikitamkwa husikika kama 'I owe you'.

Wala hakuna kinachomzuia mtu kuandika hati yake kwa Kiswahili, ambacho kwa mujibu wa Katiba ya 2010 ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. La muhimu ni kuepuka 'azima' na kutumia 'nimekopa kutoka kwa' au 'nimemkopesha'.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walisema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ila kabla ya dawa hiyo kunywewa, sharti ijulikane mgonjwa ni nani, na hilo huamuliwa na kitenzi kilichoandikwa siku ya harusi.